Wageni wa Posa Wamkuta Tunu Uani

"Kaoge, na dude hilo ulifunike!" Bi Salme, jirani yake Tunu, alipandisha sauti kutoka dirishani. "Wageni wa posa wakiuliza, sema unasomea ualimu."

"Chuo kikuu cha serikali kinanifundisha kutengeneza magari, Bi Salme. Nidanganye, kwani nimeiba?" Tunu alijibu huku amezama kwenye injini iliyotandazwa uani.

"Jeuri hiyo! Utazeekea hapahapa, tukichungulia nani atakuoa."

"Chungulieni tu. Mmeshazoea."

Madirisha yote yakacheka. Papo hapo hodi ikabishwa, na mama wa kijana akaingia, wenzake nyuma.

"Ndiye huyu? Unasomea nini, mwanangu?"

"Ualimu!" akadakia Bi Salme.

"Magari, mama. Injini hii nitaifunga mwenyewe mpaka iwake."

Kwa kuwa mikono ilimjaa grisi, Tunu alinyoosha kifundo cha mkono asalimiwe hapo, kama ilivyo adabu. Mwanamke yule akakipita kifundo, akakamata kiganja chenyewe, akakibana. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe uliogeuka mweusi. Hakuufuta.

Tunu hakuinamisha macho. Akasukuma pazia la mlango kwa kiwiko.

"Karibuni ndani tule. Wali unapoa."