Kadi ya Kudumu

Katika mji ule wa ugenini, mtu wa kuitikia shikamoo ya Mwanahawa alikuwa mmoja tu: mzee wa dirishani, ofisi ya uhamiaji. Mwanahawa mwenyewe ndiye aliyemfundisha jibu, na kila mwaka alipokwenda kuongeza muda wa kibali chake, mzee aliitikia kwa ulimi mzito, "Marahaba."

Leo, baada ya kuitikia, alimpa kadi mpya inayong'aa.

"Hongera, binti. Hii ni ya kudumu. Hutasumbuka tena kuja hapa."

Mwanahawa aliigeuzageuza. "Na nikiipoteza?"

"Utarudi kwangu kuomba nyingine."

Alishukuru, akatoka. Darajani alisimama, akaegemea ukingo, kadi ameishika kwa ncha za vidole, na chini maji yakienda zake.