Chumba Chetu cha Chini

La, mjukuu wangu, hatukukosea vipimo vya chumba. Siku hizi mtambo wa kompyuta ndio unaochora ramani za nyumba, na hauwachorei watu waliopo, unawachorea wale unaobashiri watakuwepo nyumba ikikamilika. Huku Upare nyumba inashuka na mlima, na wazee tunawekwa chini, tusihangaike na ngazi. Basi mama yako akaleta ramani, tukaitandaza pale majanini. Chumba chetu kipo, dirisha linatazama migomba, ila kitanda kilichochorwa ni cha mtu mmoja. Ni cha nani kati yetu, mtambo haukusema.

Bibi yako Nakijwa akakitazama, akasema, "Mzee, kumbe unanihamisha."

"Au wewe ndiye utakayepumzika kutokana na kukoroma kwangu," nikamwambia.

Akacheka, lakini kidogo. Mama yako akataka kuikunja ramani. Mimi nikachukua kamba na vigingi, nikakipanua kile chumba pale kiwanjani mpaka kitanda cha wawili kikaenea. Fundi akaniambia mtambo utakataa. Nikamjibu, basi uje wenyewe kuving'oa.

Makande yalikuwa yanapoa. Tukakaa sote. Bibi yako akanijazia sahani, nami nikamrudishia nusu kwenye yake. Akairudisha tena. Hakuna aliyecheka. Tukaanza kula.