Hukumu Isiyosomwa

Msimu wa kutaga, Wakili Kunguru aliwashtaki nyani kwa kula mayai ya ndege. Hakimu Kakakuona, mwandishi wa polepole, alikawia kutoa hukumu, na Kunguru akaruka mti kwa mti akinong'ona, "Hakimu kahongwa na nyani."

Siku ya hukumu Kakakuona alifunga jalada. "Kwa desturi yetu, hakimu anayetuhumiwa hujitoa. Kesi itaanza upya kwa mwenzangu, mvua zikiisha."

"Mheshimiwa, mayai hayatangoja mvua ziishe! Yale yalikuwa maneno tu."

"Ya nani, Wakili?"

Kakakuona alimpa Kunguru hukumu aliyokwisha kuiandika, ambayo sasa haikuwa na nguvu. Mstari wake wa mwisho uliwakataza nyani kupanda mti wowote wenye kiota.

Nje, nyani walikuwa wameshafika tawi la kwanza.