Mapokezi ya Uppsala

Birika lilianza kuvuma gizani. Saa kumi alasiri, Desemba, mji wa Uppsala, Sweden, ulikuwa usiku tayari. Nestan alikuwa amerudi mbio kutoka kwenye mtihani uliomzuia kwenda uwanja wa ndege, hata taa hakuwasha. Alisikiliza lifti tu, hadi iliposimama.

Mama yake ndiye aliyetangulia kuingia, na sanduku lililonukia jozi na zabibu za Kutaisi, kwao Georgia.

"Umekonda hivi! Kwani huku chuoni mnakula karatasi?"

Nyuma yake alisimama binti wa miaka mitatu, vidole vimezama ndani ya mikono ya koti. Nestan hakuwa amemgusa kwa miezi kumi na moja. Alipiga magoti.

"Njoo, mama. Njoo kwangu."

Mtoto alirudi nyuma, akashika sketi ya bibi.

"We! Si mama yako huyo uliyekuwa unamlilia kwenye ndege?" Bibi alicheka.

Nestan akanyoosha mikono. Kidole kimoja kilikuwa na wino wa mtihani. Mtoto aliutazama ule wino kwa muda mrefu, halafu akamgeukia bibi.

"Mama yangu anakaa kwenye simu."