Kengele ya Kinbervie

Kengele ilipolia mara ya kwanza, Marget Cargill alikuwa akikanda unga. Aliacha mikono humo humo bakulini, akaanza kuhesabu.

Mtaa mzima ulikuwa ukihesabu. Ndivyo Kinbervie ilivyopata habari za msiba: mkazi akifariki, kengele ya mnara hupigwa polepole, pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake, na kila mtu husikiliza itakomea wapi. Kengele haikuwa ya kanisa wala ya meya. Mababu walitoa sufuria zao za shaba zikayeyushwa, na tangu hapo kila mtu wa mji, awe na benki au awe na bakuli la kuombea, alikuwa na haki ya mapigo yake bila malipo.

Aliyeshika kamba alikuwa Dod, mumewe Marget, na kwa mambo ya kengele Dod hakuwa na mchezo. Mwanamke mmoja wa maringo aliwahi kumsihi apunguze kumi kwenye msiba wa dada yake, watu wasije wakajua marehemu alikuwa amekula chumvi kiasi gani.

"Mama, hii ni mali ya umma," Dod alimjibu. "Siwezi kuuibia mji mapigo kumi kwa ajili ya urembo."

Mji ulicheka mwaka mzima.

"Saba," Marget alisema peke yake jikoni. "Nane."

Katika hospitali ndogo ya mji, waliokuwa mahututi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Bi Grizel Haldane, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyekuwa akififia tangu baridi ianze. Wa pili alikuwa Erchie, mtoto pekee wa Marget na Dod, aliyelazwa kwa homa ya matumbo. Wodi ile haikuruhusu mgeni, hata mzazi. Mtu akifa, nesi alikwenda moja kwa moja mnarani, halafu kengele ndiyo iliyowaambia wengine. Erchie alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Teenie Lorimer, jirani wa ukuta kwa ukuta, nywele hazijachanwa.

"Umefika ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Hata mimi." Teenie alivuta kiti, akamshika Marget kiwiko, maana viganja vilikuwa vimejaa unga.

Kumi na nane. Kumi na tisa. Dod alikuwa na kawaida ya kuacha pumzi mbili kati ya pigo na pigo, na leo pumzi hizo zilikuwa ndefu kuliko miezi yote tisa ya kumbeba Erchie. Marget alitaka kuziba masikio na hakuthubutu. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

Kimya.

Teenie alifumba macho. Kimya kilikaa, kikakaa, hata wakasikia birika likitokota jikoni. Halafu kengele ikalia tena.

"Ishirini na tatu," Teenie alinong'ona. "Marget, umesikia? Ishirini na tatu. Si yeye."

Marget aliinama juu ya bakuli akalia, machozi yakadondokea kwenye unga.

"Mungu anisamehe. Bibi wa watu amekufa, na mimi nashangilia."

"Shangilia, mwenzangu. Hata yeye mwenyewe angekwambia hivyo. Kazika waume watatu, anataka nini tena duniani?"

Wakacheka huku wanafuta macho. Marget alinawa mikono, akamimina chai. Alisema Erchie atarudi mwembamba kama fimbo, na itabidi alishwe mchuzi wa mifupa mwezi mzima kabla hajashika nyundo kule machimboni.

"Akipona tu, namwoza kwa mpwa wangu," Teenie alisema.

"Mpwa wako ana mdomo."

"Na Erchie hana. Si watagawana?"

Kengele iliendelea. Ilipita arobaini, ikapita sitini. Mapigo hayakuwa yakienda sawasawa tena. Mengine yalikimbiliana, mengine yalichelewa.

"Dod kachoka leo," Teenie alisema.

"Tisini si mchezo. Naye si kijana."

Themanini zikapita. Ilipofika tisini na moja, Teenie aliinua kikombe.

"Haya, Bi Grizel. Safari njema."

Walisubiri kengele inyamaze. Ikalia.

"Tisini na mbili," Teenie alisema, akaguna. "Kumbe alikuwa akitudanganya umri. Nilijua tu."

Marget alicheka mpaka chai ikamwagika sahanini. Tisini na tano. Tisini na tisa. Mia.

Kinbervie haikuwahi kuwa na mtu wa miaka mia. Nje, milango ilianza kufunguka mmoja baada ya mwingine. Wanaume waliokuwa wamevua kofia kwa heshima walizivaa tena, wakasimama barabarani wakitazama mnara.

"Dod kapotewa na hesabu," mmoja wao alisema.

Mia na saba. Mia na nane. Teenie aliweka kikombe chini taratibu. Hakumtazama Marget usoni.

"Amekosea tu," alisema. "Ni binadamu, anachoka."

Marget alikuwa amekwisha simama. Alichukua shali yake msumarini akajitanda.

"Unakwenda wapi, Marget?"

"Mnarani, nikamshike Dod mikono," alisema. "Anaogopa kuacha. Akiacha, Erchie atakuwa amekufa."