Tundu la Hewa Katika Nyumba ya Eda

Blanketi lilikuwa limerudi tena tunduni.

Mwanakheri alilikamata kwa mikono miwili akalivuta, kama mtu anayemtoa paka kwenye bomba. Asubuhi alikuwa ameshalitoa. Kwenda dukani na kurudi, hilo hapo, limeshindiliwa mpaka mwisho. Na kabatini boila ya gesi ya kupasha nyumba joto inanguruma, moto unawaka, nyumba imefungwa kama kopo.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi," akajibu Mahmood kutoka sebuleni, macho kwenye simu. "Tundu linatazama njia. Wanaume wanapita. Mwanamke yumo edani, au kwenu hamjui eda?"

"Mwanamume gani wa mtaa huu wa Hayes atapiga magoti kwenye lami, na baridi hii, amchungulie mjane kwa tundu la ukubwa wa kisosi?"

"Shetani hachoki, shemeji."

"Na wewe unayelala humu, ni mahramu wake?"

"Mimi nalala huku chini, yeye juu."

Mahmood alikuwa mdogo wake marehemu Asad, mume wa dada yake Mwanakheri. Alihamia jioni ile ile ya maziko, kumlinda mjane, akasema, na masufuria yake akaja nayo. Mwanakheri alikwisha kumsikia akinong'ona kwenye simu: eda ikiisha tu, mjane atakwenda kwao. Nyumba isiyo na mtoto hurudi kwenye damu ya marehemu.

Na huko juu dada yake, Nuru, alikuwa akinyauka. Akiamka, kichwa. Mchana kutwa, usingizi. Juzi alianguka akitia udhu. Nuru huyu, ambaye alikuwa akifukiza udi mpaka soksi za mumewe, siku hizi akiona chetezo anaomba kitolewe nje, kinamsonga.

Jamaa waliokuja kuhani walisema ni msiba. Watu wa kuhani hawakosi jibu, hasa wakishakula.

Mwanakheri aliwaza jingine. Walipokuwa wadogo, Kisauni kule Mombasa, jirani yao alilala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua. Asubuhi walimkuta ametulia kama bibi harusi aliyechoka. Moto ukikosa hewa hutafuta ya kwako, na haukuombi ruhusa.

"Dada, twende kwangu Peckham, hata usiku mmoja."

"Nitatokaje, Mwanakheri? Mjane halali nje ya nyumba ya mumewe."

Hapo ndipo roho ilipomruka Mwanakheri. Nuru hawezi kutoka, na Mahmood analijua hilo vizuri kabisa.

Akamwita Dhiren, fundi wa gesi kutoka Kenton, Mhindi wa Mombasa, Kiswahili chake hakijapauka hata kidogo. Mahmood akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanamume mgeni haingii humu."

"Bwana, mimi nimekuja kuona boila," Dhiren akasema. "Kama nayo imo edani, nifunikie."

Mwanakheri akampiga Mahmood kikumbo cha bega, fundi akapita. Nuru alikuwa ameshajisogeza nyuma ya pazia, juu ya ngazi.

Dhiren alipima hewa kabatini. Akapima sakafuni, akapima kwenye ngazi, akarudi kabatini. Mwanakheri alimfuata nyuma kama mkia. Mahmood alikuwa ameacha simu.

"Hakuna sumu," fundi akasema.

"Pima tena!"

Akapima tena. "Mama, hewa ni safi. Tundu hili lilikuwa la boila ya zamani, ile iliyokuwa inakula hewa ya humu ndani. Hii ya sasa ina bomba lake ukutani. Inavuta pumzi nje, inatema nje. Mzibe, mzibue, haina habari na nyinyi."

Ndege ikapita juu, vikombe vikatetemeka.

"Umesikia?" Mahmood akacheka, lakini kicheko hakikumtoka sawasawa. "Ulinidhania muuaji, Mwanakheri. Mimi miguu yangu ilikuwa inaganda tu. Nilisingizia wapita njia kwa sababu ningesema baridi usingenisikiliza."

Mwanakheri alibaki na blanketi kifuani. Aibu hakuiona, woga ulikuwa umezidi. Sumu ungeifungulia dirisha. Sasa je?

"Basi dada yangu ana nini?" akauliza. "Fundi, kama si hewa, ananifia kwa nini?"

Pazia likatikisika.

"Sifi, Mwanakheri," Nuru akasema kutoka juu, polepole. "Nilikuwa nangoja kwanza niwe na hakika. Mwambie shemeji asihesabu miezi. Eda yangu itaisha siku nitakayojifungua."