Namba Moja

Bi Salha alikuwa akisonga ugali aliposikia redioni kwamba kipa amegongwa kichwani, ameanguka. Mtangazaji alikuwa mumewe, Kheri. Kipa alikuwa Sefu, mtoto wao, ingawa hewani Kheri hakuwahi kumwita jina lolote ila "namba moja," asije akaambiwa anapendelea.

Kisha Kheri akanyamaza. Redioni zikabaki kelele za uwanja tu, na mwiko ukabaki umesimama katikati ya sufuria.

"Ameinuka!" Sauti ilirudi imekauka. "Mama Sefu, mwanetu ameinuka! Samahani, wasikilizaji. Namba moja... ameinuka."

Bi Salha akashusha pumzi. Ugali ulikuwa unaungua. Jirani akapiga kigelegele, wa pili akakipokea, kikaenda nyumba kwa nyumba kuelekea uwanjani.